Kitanda Kinachotikisika

4 Februari

Mdogo wangu Kovu,

Usiucheke mwandiko huu. Shemeji yako Penseli ameifunga kalamu kwa vitambaa mpaka ikanenepa kama karoti, ndipo vidole vyangu vikakubali kuishika. Kwenye simu kidole gumba hakitaki kubonyeza, na Jumapili tunapoonana kwenye kioo cha simu mikono inachoka kabla habari hazijaisha. Basi acha nikuandikie kama zamani ulipokuwa shule ya bweni.

Siku hizi mikono yangu huamka baada yangu. Naketi ukingoni mwa kitanda nimeitumbukiza kwenye beseni la maji moto, naingoja ifunguke. Penseli ananiuliza kitu, nami namtazama tu. Mtu anayesikia akiumwa vidole bado ana mdomo. Mimi mdomo wangu ndio hivi vidole, na mume niliyemchagua ni kiziwi kama mimi. Juzi tulibishana kuhusu bawaba ya mlango, viganja vikakataa kufunguka, nikashindwa kumjibu, naye akahesabu ameshinda. Nilikasirika mpaka nikalia, na si kwa ajili ya bawaba.

Darasani ni vilevile. Kuna mtoto tumempa jina la Kisogo kwa sababu hakai akakuangalia. Wiki iliyopita alisimama mbele ya wenzake akaniambia, "Mwalimu, siku hizi unanong'ona." Watoto viziwi hawana adabu ya kuficha kitu, na ndiyo maana nawapenda. Lakini mwalimu mkuu naye ameliona. Ameniita ofisini, akaniandikia kwa upole kwamba muhula wa mwisho wa mwaka ukinikuta hivi hivi atanihamishia stoo ya vitabu. Mwalimu wa viziwi asiye na mikono ni sawa na redio isiyo na betri, hilo halikuandikwa lakini nililisoma.

Daktari wa maungio anaongea huku akimtazama mkalimani, utadhani mimi ni mkoba wa mkalimani. Nilichoambulia ni kwamba ile baridi yabisi imevishinda vidonge vya njano vya mara moja kwa wiki, na vile vyeupe vya steroidi vimenifuta sura tu. Uso umevimba mpaka kile kishimo cha shavuni kilichonipa jina kimefukiwa. Sasa anataka kunianzishia sindano mpya. Wewe kazi yako ni hizo chembe za damu. Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyekaa jikoni: kwa nini mwili wangu unanila, na hiyo sindano itafanya nini?

Dada yako,
Kishimo


19 Februari

Dada Kishimo, shikamoo.

Nimecheka habari ya bawaba, halafu nikaacha kucheka. Nitajaribu kukueleza, na nikikuchosha mpe Penseli amalizie.

Hapa maabara tunaletewa damu za wagonjwa kwenye vichupa visivyo na majina. Nazitia rangi zinazong'aa, kisha nazipitisha kwenye mashine yenye mwali mkali wa mwanga, chembe moja baada ya nyingine. Chembe nyeupe iliyoamka huota vitu juu ya ngozi yake ambavyo iliyolala haina, na rangi hunasa hapo. Ndivyo ninavyojua nani yuko macho na nani amelala. Kwa watu wenye ugonjwa wako, wengi wako macho saa zote.

Chembe hizo hazina masikio, dada. Zinaongea kwa kugusana na kwa kutupiana ujumbe wa kemikali. Ungejisikia uko nyumbani kati yao. Wapo watoa amri, na wapo walafi, yaani chembe kubwa zinazokula vijidudu na uchafu. Kwako wewe watoa amri wameuona utando laini ulio ndani ya maungio wakadhani ni adui. Kwa nini, hakuna anayejua vizuri. Walafi wakishaambiwa kuna adui, wanatoa ujumbe mmoja wenye nguvu: njooni. Wanakuja wengine, nao wanaita njooni. Utando unavimba, unanenepa, unaanza kuila gegedu inayofunika ncha za mifupa, na mfupa wenyewe. Vidole vyako ni uwanja wa vita visivyo na adui.

Vidonge vya njano vinazipunguza kasi chembe hizo zisizaane ovyo na zisiwake sana. Steroidi inazilaza zote, zenye hatia na zisizo nayo. Sindano inafanya kitu kingine kabisa: inaudaka ujumbe wa "njooni" ukiwa njiani, kabla haujafika. Wengi niliowaona damu zao kabla na baada, chembe zinatulia kama darasa mwalimu akiingia.

Ila kuna jambo moja. Ujumbe huohuo una kazi nyingine njema. Watu wengi wana kifua kikuu kilicholala. Vijidudu vimezungushiwa ukuta wa chembe, na walinzi wa ukuta ule wanakaa lindo kwa sababu wanaambizana kila wakati wasiondoke. Ukiukata ujumbe, walinzi wanatawanyika. Kwa hiyo watakupima kwanza. Usikubali kurukwa, na wakikuuliza mambo ya nyumbani waambie yote unayoyajua. Kipimo kikiwa safi, pokea sindano kwa mikono miwili.

Mdogo wako,
Kovu


11 Machi

Kovu, mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mpaka imechakaa mikunjo, kisha nikamfafanulia Penseli kwa mikono hii mibovu. Amezipenda sana chembe zisizo na masikio. Anasema basi mwili wote ni mali ya viziwi, na ninyi mnaosikia ni wapangaji tu. Alisema hayo kalamu yake ya useremala ikiwa imekaa sikioni, na ndiyo kazi pekee sikio lile limewahi kumfanyia.

Nilipimwa. Muuguzi alinichoma chini ya ngozi ya mkono akaniambia nirudi. Niliporudi hapakuwa na uvimbe wowote, ngozi laini kama ya mtoto. Alifurahi kuliko mimi. Siku hiyo mkalimani hakuja, kwa hiyo akaniandikia maswali kwenye karatasi: navuta sigara, naishi na nani, nimewahi kulala nyumba moja na mtu mwenye hiki au kile. Nikaandika jina la Penseli, kwingine kote nikajibu hapana. Akanichoma sindano ya kwanza tumboni.

Kuuma inauma kidogo. Mwalimu mkuu nimemwomba asubiri. Ameniandikia "tutaona", neno la watu waliokwisha kuona.

Dada yako,
Kishimo


30 Machi

Dada, shikamoo.

Kipimo safi. Umenitua mzigo. Nilikaa na barua yako kwenye ngazi za nje za maabara, mkuu wetu akapita akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Leo kwa bahati nilikuwa napitisha damu ya mgonjwa mmoja aliye kwenye sindano kama yako. Jina simjui. Kabla ya dawa, nukta zake kwenye kioo zilikuwa zimesambaa juu kabisa, zote macho. Baada ya dawa zimeshuka chini, zimekusanyika, zimepoa. Nilizitazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Najua si zako lakini niliziombea kama zako.

Usichoke mapema. Inachukua wiki kadhaa.

Kovu


22 Mei

Mdogo wangu,

Tazama mwandiko. Kalamu haina kitambaa.

Sijui nianzie wapi. Asubuhi naamka na mikono yangu, sote kwa pamoja. Beseni tumelirudisha bafuni. Jana nilimpa Kisogo na wenzake hadithi nzima ya mto unaofurika, kwa mikono miwili, na mvua nikainyesha kwa vidole vyote kumi kama inavyotakiwa. Hakuna aliyegeuza kisogo. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni akatazama mpaka mwisho, na hajataja tena stoo. Na nyumbani nimeifungua upya kesi ya bawaba. Tuligombana mpaka raha. Penseli alishindwa, akanishika mikono yote miwili akaibusu, akasema afadhali kushindwa.

Hata jina langu limerudi. Uso umepungua na kishimo cha shavuni kimeonekana tena, kirefu kuliko mwanzo. Gauni zangu zinanipwaya. Walimu wenzangu wananiuliza siri, nawaambia ni kukimbizana na watoto.

Mambo madogo hayakosekani. Vumbi la chaki limeanza kunikera kooni, sijui chaki za mwaka huu wamezichanganya na nini. Mama anayefagia madarasa, ambaye anasikia, kila akinikuta ananiletea kikombe cha maji bila kuombwa na kunitazama kwa huruma. Nadhani ananipenda. Na kitanda chetu kimelegea. Penseli anasema kinamwamsha kwa kutikisika. Kwa seremala hiyo ni aibu, amekaza skrubu zote na kupaka gundi.

Daktari anauliza kila nikienda kama kuna lolote. Namjibu hakuna lolote. Nimeona akina mama wawili pale kliniki waliositishiwa sindano kwa sababu ya homa tu, na mmoja sasa analishwa na bintiye. Mimi siwezi kurudi kule. Bora unielewe.

Dada yako mwenye mikono,
Kishimo


9 Juni

Dada Kishimo, shikamoo.

Jumapili nilikuona ukiongea haraka hata nikalazimika kukuomba urudie, kama zamani uliponizidi kila kitu. Niliita wenzangu wawili waje wakuone kwenye kioo. Hawakuelewa hata alama moja, lakini walielewa.

Nililiona na hilo shavu. Umependeza, ila usizidi hapo. Mara kwa mara unageuka pembeni na kujifunika uso kwa kiwiko. Nikadhani Penseli anakutania pembeni ya picha. Mwambie aache, Jumapili ni yangu.

Na mpe pole ya kitanda. Mganga hajigangi.

Kovu


27 Juni

Shemeji Kovu,

Mimi si mtu wa kuandika. Mbao huniitikia haraka kuliko maneno. Leo naandika kwa sababu dada yako amenikataza, na sijawahi kumfanyia jambo nyuma ya mgongo wake.

Kile kitanda nilikitengeneza mwenyewe tulipooana. Mbao ngumu, maungio ya kuchomekana, hakuna msumari. Kimeanza kutikisika tangu mwezi wa nne. Nikakaza. Nikatia gundi. Mwezi huu nikakivunja chote, nikabadilisha miguu, nikapima sakafu kwa pimamaji. Bado kikatikisika. Nikajiuliza kama nimezeeka.

Juzi niliweka kiganja kwenye ubao wa kitandani, tulii. Kisha nikaweka kiganja kwenye mgongo wa dada yako. Kitanda ni kizima. Anayetikisika ni yeye.

Anakohoa, shemeji. Mimi kikohozi sijui kina sauti gani, kikubwa au kidogo, cha chaki au cha ugonjwa. Yeye pia hajui. Anasema ni kitu kidogo. Shuka upande wake asubuhi ni la kukamua. Mifupa ya mgongo nimeihesabu kwa kiganja bila kutaka.

Katika nyumba hii hakuna anayesikia. Wewe unasikia. Lakini sisi kwenye simu yetu sauti tumeizima tangu siku tuliyoinunua, na wewe nadhani ukiongea nasi unaizima ya kwako, kwani ya nini. Barua hii naipiga picha na kukutumia kwa simu, maana Jumapili hii nitaiwasha ya huku bila kumwambia. Washa ya kwako. Usimwonyeshe chochote usoni. Halafu niambie kiganja changu kimesikia nini.

Shemeji yako,
Penseli


1 Julai

Dada,

Ujumbe niliokutumia kwenye simu ulikuwa na neno moja, "nenda", nikijua utanijibu kwa maneno mia. Haya ndiyo mengine.

Jumapili niliwasha sauti. Usimkasirikie Penseli. Miaka yote nimekuwa nikikuona Jumapili huku nimeizima, kama mtu anavyovua viatu mlangoni kwa heshima. Nilikuona unatabasamu, unanieleza habari ya sikukuu ya shule, mikono yako mizuri inakwenda, na chini ya picha hiyo nikasikia kifua cha baba. Kilekile. Mkwaruzo, kimya kidogo, kisha kile cha ndani kinachovuta kutoka chini. Nilikuwa mdogo lakini sikukisahau. Niliinuka nikakwambia maji yanachemka. Hapakuwa na maji.

Nenda hospitali uombe kupimwa makohozi na picha ya kifua. Sindano ijayo usichome. Funika mdomo, fungua madirisha, na darasani usiingie mpaka wakuambie.

Nimekaa nikijiuliza kipimo kilikuwaje safi, na jibu nilikuwa nalo kichwani siku zote, nimelisoma, nimelifundisha hata kwa vijana wanaokuja mafunzoni. Kile kipimo cha ngozi hakivitafuti vijidudu vyenyewe. Kinaziuliza chembe zako kama ziliwahi kuviona. Kama ziliwahi, ngozi inavimba. Lakini zako zilikuwa zimelazwa na steroidi na vidonge vya njano miaka miwili. Zimeulizwa swali usingizini, zikanyamaza, na sote tukaandika "safi". Kisha sindano ikaja ikaudaka ujumbe, na walinzi wakaacha ukuta.

Ninachoshindwa kuelewa ni hiki. Kliniki inayojua habari ya baba ingekupa dawa ya kinga kwanza, kipimo kiseme kisiseme. Hukuwaambia kuhusu baba?

Kovu


16 Julai

Kovu,

Nakuandikia wodini, kitanda cha dirishani. Wamekikuta kifua kikuu kwenye makohozi na kwenye picha, upande wa kulia juu. Nimeanza vidonge, vikubwa kama vifungo vya koti. Sindano imesitishwa.

Nianze na langu. Niliona dalili. Si sauti, lakini jasho niliona na gauni niliona. Nilimwambia daktari "hakuna lolote" kwa sababu nilijua kitakachonyang'anywa. Darasa zima limepimwa. Wawili wamekutwa na kilicholala, Kisogo mmoja wao, nao wamepewa dawa ya kinga pamoja na Penseli. Mama wa Kisogo alikuja akasimama nje ya dirisha langu, akanitazama, akaondoka. Hilo sitajisamehe upesi, na wewe usinisaidie kujisamehe.

Sasa langu kwako. Umeniuliza kama sikuwaambia kuhusu baba. Niwaambie nini? Baba alikuwa na nini?

Nakuuliza kweli. Mama aliniwekea kiganja kifuani, akakilegeza, ikawa maana yake amechoka, moyo umechoka. Hiyo ndiyo taarifa niliyopewa katika nyumba ile. Muuguzi aliniandikia swali wazi kabisa, kama nimewahi kulala nyumba moja na mwenye kifua kikuu, nami nikajibu hapana kwa moyo mweupe. Uliniambia niseme yote ninayoyajua. Niliyasema.

Na mimi sikulala naye nyumba moja tu. Nililala chumba chake, godoro langu chini ya kitanda chake, mwaka ule wote. Nilimshikia kikombe. Ninachokikumbuka zaidi ni mkono wake. Kila jioni nikiingia na shuka langu aliuinua akausukuma hewani kuelekea mlangoni. Toka. Nikisimama, anausukuma tena, uso umekunjamana. Mama ananishika mabega ananirudisha ndani. Nilikua nikijua kwamba baba yangu hakutaka mtoto asiyesikia alale karibu naye wakati anaondoka. Niliolewa nikijua hivyo. Nimefundisha watoto wa watu miaka hii yote nikijua hivyo.

Niambie ulichokuwa unakijua wewe.

Kishimo


2 Agosti

Dada,

Nilidhani unajua. Nimeliandika hilo mara nyingi na kulikata, maana halitoshi, lakini ndio ukweli. Kila mtu nyumbani alijua. Lilisemwa mezani kila siku, sahani zikipita, juu ya kichwa chako. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kilichosemwa mara nyingi hivyo kinaweza kuwa hakijamfikia mtu aliyekaa kiti cha pili kutoka kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikikutafsiria, kwa alama zetu za kitoto: njoo, kula, mbwa, mvua. Ugonjwa sikuwa na alama yake.

Baba alikuwa na kifua kikuu. Alichelewa sana kwenda hospitali. Vyumba vilikuwa viwili. Kikohozi chake kilipita ukuta, sisi wengine hatukulala, na tulikuwa na shule asubuhi. Wewe, ingawa mkubwa, ulikuwa bado hujapelekwa shule, na kikohozi hakikukuamsha. Mama alipanga hivyo akaona ni busara. Simteti, yuko kaburini, na watoto wake wengine tulipata usingizi. Nilipata usingizi mzuri, dada. Ulikuwa umelala mahali pangu.

Ule mkono naujua pia, ingawa sikuuona. Niliusikia. Kila jioni, kupitia ukuta uleule, baba alimwambia mama, "Mtoeni mtoto humu. Nitamwambukiza. Mtoeni." Mama anajibu, "Atalala wapi?" Baba anarudia, sauti inakatika, anakohoa, anarudia. Hakujua alama hata moja. Mikono yake ilijua kazi, haikufundishwa maneno. Nadhani mwishowe alijaribu kukuambia mwenyewe kwa mkono aliokuwa nao. Siku zake za mwisho alikuwa akilia akisema, "Hanielewi. Huyu mtoto hanielewi."

Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nikasikia, nikajifunika.

Nimeomba likizo. Nakuja mwezi wa kumi.

Kovu


5 Oktoba

Mdogo wangu,

Kitambaa kimerudi kwenye kalamu, kwa hiyo barua hii ni fupi na herufi zake ni za mtoto wa darasa la kwanza.

Nimetoka wodini. Makohozi ni safi, siambukizi mtu. Daktari wa maungio alikaa mbele yangu na safari hii alinitazama mimi, mkalimani akasimama nyuma yake. Aliniambia chembe zangu zimerudishiwa ujumbe wao. Kifuani ukuta unajengwa upya, na vidoleni zinakula upya. Kinachoniokoa ndicho kinachoniumiza, na kwa sasa hawezi kunyamazisha kimoja akaacha kingine. Dozi ya kifua ikiisha, kuna dawa nyingine inayolenga chembe za namna nyingine, ambayo haiusumbui ukuta sana. Nimemwambia tutaona. Nimejifunza neno hilo kwa mwalimu mkuu.

Niko stoo ya vitabu. Kisogo anakuja wakati wa mapumziko na kukaa juu ya boksi, anangoja nimalize sentensi. Sentensi moja inakula mapumziko yote. Hajageuka hata mara moja. Nyumbani Penseli anaweka viganja vyake chini ya vyangu nikitaka kusema, anavibeba. Akilala anaacha kimoja mgongoni kwangu. Anasema ndio sikio lake.

Nilikukasirikia wiki nyingi na sijamaliza, nitamalizia ukiwa hapa. Lakini nikuambie nilichofanya. Nilisimama mbele ya Penseli nikauiga ule mkono wa baba. Vidole vyangu sasa havinyooki, na vyake siku zile havikunyooka, kwa hiyo ulitoka sawasawa. Sikumweleza kitu. Nikamuuliza tu, mtu akikufanyia hivi ana maana gani? Alinitaka nirudie. Nikarudia. Akasema, "Gari linakuja, na huyo mtu anakusukuma utoke barabarani."

Nilikaa chini. Mwalimu wa alama mimi, na hiyo moja nimeisoma vibaya tangu utoto, nikiwa nimeikasirikia na kuilia. Sasa ninaye baba. Nimempata nikiwa na nywele nyeupe, na nina hamu naye kama aliyefiwa jana.

Njoo. Godoro lako liko tayari, na chumba kina madirisha mawili. Ukifika sitataka zawadi. Nitataka ukae nami mezani uniambie yote yaliyosemwa pale miaka ile, kila mlo, mwanzo hadi mwisho, hata mlipokuwa mnaombana chumvi.

Dada yako,
Kishimo